Barua ya Kazi na Mate ya Kupe: Kisa cha Masomo ya Wangari Maathai

Januari 1966 mwanamke wa miaka 25 alishuka Nairobi akitokea Marekani. Mkobani alikuwa na shahada ya uzamili ya biolojia na barua ya kazi. Barua ilisema ameajiriwa kuwa msaidizi wa utafiti wa profesa wa zuolojia katika chuo kikuu kishiriki cha Nairobi. Alipokwenda kuripoti akaambiwa nafasi hiyo ameshapewa mtu mwingine. Miaka mingi baadaye, alipoandika maisha yake, alisema aliona mambo mawili nyuma ya uamuzi ule: kabila lake na kuwa kwake mwanamke.

Mwanamke huyo ndiye Wangari Maathai, na wengi wetu tunamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Nobeli ya Amani ya 2004. Miti nitaifikia. Kwanza nataka tumtazame akiwa mwanafunzi wa shahada za juu aliyesomeshwa kwa fedha za watu, maana kisa chake kinagusa kazi ninayoifanya kila mwaka. Nasimamia wanafunzi wa uzamili katika sayansi za mazingira, nasoma maandiko yao ya kuomba ufadhili, naandika barua za kuwapendekeza. Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara natoka na jambo lilelile: yaliyomjenga zaidi Wangari yalitokea mahali ambapo hakuna mfadhili aliyekuwa akilipa. Wala sisemi ufadhili haukuwa na maana. Bila ufadhili asingefika hata Kansas, kwenye chuo chake cha kwanza Marekani, sembuse Pittsburgh alikosomea uzamili. Ninachosema ni kwamba tukitaka kujua ufadhili ulifanya nini, sharti tutazame pia pale ulipokatika.

Nani alilipa nini

Wangari alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, akamaliza sekondari ya Loreto Limuru mwaka 1959. Wakati huo kijana wa Afrika Mashariki aliyetaka shahada alikuwa na mlango mmoja tu wa maana, chuo cha Makerere nchini Uganda, na mlango huo ulikuwa mwembamba. Tom Mboya, mwanasiasa na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Kenya, aliona kwamba uhuru unakaribia na nchi haina wasomi wa kuiendesha, akaenda kuomba nafasi na nauli Marekani. Ndege ya kwanza, mwaka 1959, ilichukua wanafunzi 81. Wacheza filamu na wanamichezo, wakiwemo Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson, walitia saini barua ya kuwaombea fedha. Kwa safari za 1960 serikali ya Marekani mwanzoni ilikataa kulipa, Mboya akamwendea Seneta John F. Kennedy, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Karibu vijana 300 walisafiri mwaka huo. Wangari alikuwa mmoja wao, Septemba 1960.

Dola hizo zililipa nauli. Karo ilitoka kwa vyuo vyenyewe vilivyokubali kuwapokea. Kilichobaki, yaani nguo za baridi, sabuni, vitabu na nauli za ndani, kilitegemea michango ya nyumbani na kazi za likizo. Naeleza haya kirefu kwa kuwa watu hulitaja jambo lile kana kwamba lilikuwa bahasha moja iliyotolewa na mtu mmoja mkarimu. Lilikuwa ni kuunga-unga. Mkono mmoja ulitoa ndege, mwingine ukatoa darasa, wa tatu ukatoa chakula, na mwanafunzi ndiye aliyeishona mikono hiyo pamoja.

Alipelekwa Atchison, mji mdogo wa jimbo la Kansas, katika chuo cha watawa wa Kibenediktini kilichoitwa Mount St. Scholastica. Alisoma biolojia, na pembeni kemia na Kijerumani. Kijerumani hicho tukiweke akilini, kitarudi. Jambo jingine la kuweka akilini ni kazi ya likizo moja: alifanya kazi katika maabara ya hospitali mjini Kansas City, akajifunza kuandaa tishu, yaani kukipitisha kipande cha nyama kwenye dawa, kukikata vipande vyembamba mno, kuvipaka rangi na kuvisoma kwa hadubini. Ilikuwa ajira ya kujipatia hela ya matumizi tu.

Mwaka 1964 alihitimu. Shahada ya uzamili, Chuo Kikuu cha Pittsburgh, ililipiwa na Africa-America Institute, shirika la Marekani la kuwasomesha Waafrika. Utafiti wake ulikuwa juu ya tezi ya pineali, tezi ndogo iliyo kwenye ubongo, ya kware wa Kijapani, namna inavyokua ndani ya kichwa cha ndege huyo. Mazingira hayakuwamo kabisa katika mada hiyo. Lakini Pittsburgh ulikuwa mji wa chuma na makaa, uliojulikana kwa moshi, na wakazi wake walikuwa katika kampeni ya kuusafisha. Kwa maelezo yake mwenyewe, hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza watu wakidai hewa yao irudishwe kuwa safi. Hilo halikuwa sehemu ya tasnifu yake.

Miezi miwili

Sasa turudi kwenye ile barua. Ufadhili wa Pittsburgh uliisha siku shahada ilipopatikana, na kwa hesabu ya mfadhili mradi ulifanikiwa: mwanafunzi amemaliza, amerudi kwao, ameahidiwa kazi. Ukiandika ripoti ya mwisho hapo, kila kisanduku kina alama ya vema. Siku chache baadaye mtu huyohuyo yuko Nairobi bila kazi, na maabara ya karibu naye ndiyo hiyo iliyomfungia mlango.

Hapo pana shimo ambalo sisi walimu hatulitamki vya kutosha. Mwanafunzi anayemaliza shahada ya sayansi akiwa amesomeshwa nje hurudi na ujuzi unaohitaji vifaa. Mwanasheria aliyekosa ajira anaweza kukaa na vitabu vyake. Mtu wa hadubini asiye na hadubini, mtu wa sampuli asiye na jokofu, ujuzi unaanza kumtoka vidoleni. Miezi sita ikipita anachukua kazi yoyote inayolipa kodi ya nyumba, na hilo si kosa lake. Nawajua wanafunzi waliopotea kwa sayansi namna hiyo, wala hawakupotea wakiwa masomoni. Walipotea katika nusu mwaka baada ya mahafali.

Wangari alihangaika kama miezi miwili. Aliyemwokoa alikuwa Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani kutoka Chuo Kikuu cha Giessen, aliyekuwa akiijenga idara mpya ya anatomia ya mifugo katika kitivo cha tiba ya mifugo. Hofmann huyu ndiye aliyekuja kujulikana duniani kwa uchunguzi wake wa matumbo ya wanyama wanaocheua wa Afrika Mashariki, kuanzia digidigi mpaka nyati, na jinsi kila mmoja alivyoumbwa kwa majani anayokula. Alihitaji mtu wa kitengo cha maikroanatomia, kazi ambayo kiini chake ni kukata tishu, kupaka rangi na kusoma slaidi. Kwa kitengo hicho, sifa kubwa ya Wangari haikuwa cheti cha Pittsburgh peke yake. Ilikuwa mikono iliyofunzwa katika ile ajira ya likizo ya Kansas City, ikazidi kukomaa kwa kware.

Hapa nasita kidogo, kwa sababu msomaji anaweza kuchukua somo lisilo sahihi, kwamba mwenye juhudi hakosi njia. Wangari alikuwa na juhudi Januari, na alikuwa na juhudi zilezile Machi. Kilichobadilika kati ya miezi hiyo ni kwamba alitokea mtu mwenye chumba, vifaa na mamlaka ya kuajiri, akatazama ujuzi badala ya jina la ukoo. Kama Hofmann angebaki Giessen mwaka ule, sidhani kisa hiki kingeandikwa. Mfumo unaomtegemea mtu mmoja mwenye moyo mzuri apite siku ifaayo bado haujawa mfumo.

Giessen, Munich, na kurudi tena

Hofmann ndiye aliyemsukuma aende Ujerumani kwa ajili ya uzamivu. Alikwenda mwaka 1967, akafanya kazi Giessen na Munich, na Kijerumani cha Atchison kikapata matumizi. Mada yake ilikuwa ukuaji wa tezi za uzazi za ng'ombe. Mwaka 1969 alirejea Nairobi akiwa mhadhiri msaidizi, akaendelea na tasnifu hukuhuku, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu ya anatomia ya mifugo, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuipata shahada ya daraja hilo.

Mpango wa namna hii leo tungeuita ufadhili wa mseto: sehemu nje, sehemu nyumbani, shahada ikatolewa na chuo cha nyumbani. Mimi ni mtetezi mkubwa wa mpango huu, na ninapoulizwa sababu huwa natoa kisa hiki. Vifaa ambavyo Nairobi haikuwa navyo alivifuata Giessen na Munich. Wanyama, wanafunzi na nchi yenyewe vilikuwa Nairobi. Mtu anayekaa ughaibuni miaka minne mfululizo hurudi amezoea maswali ya huko. Anayekwenda na kurudi hulazimika kuuliza kila mara: hili nililojifunza, huku kwetu linafanya kazi gani?

Lakini miaka ile ya 1969 hadi 1971 haikuwa laini. Mei 1969 aliolewa. Mwaka huohuo alipata mimba ya mtoto wa kwanza, na mumewe aligombea ubunge, kampeni ambayo mke hawezi kujitenga nayo. Julai 1969 Tom Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi, mtu yuleyule aliyetafuta ndege iliyompeleka Kansas. Mwaka 1971, mwaka wa shahada, alizaa binti. Alikuwa pia akifundisha darasa la madaktari wa mifugo ambao karibu wote walikuwa wanaume, wengine wakiwa na shaka kama mwanamke huyu kijana anaweza kuwafundisha anatomia.

Masharti ya ajira ya wakati ule nayo yaliongeza uzito. Mhadhiri mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa mumewe ndiye mwenye nyumba, kwa hiyo hakupata marupurupu ya nyumba sawa na mwenzake mwanaume. Wangari na mwenzake wa idara ya biokemia, Vertistine Mbaya, walilipigania jambo hilo miaka kadhaa. Ningependa kila anayeandaa bajeti ya ufadhili asome sehemu hiyo ya maisha yake kabla hajaandika mstari wa posho ya kujikimu. Posho huandikwa kana kwamba mwanafunzi ni mtu mmoja asiye na mtoto, asiye na mama mgonjwa kijijini, asiye na msiba wa kwenda. Mwanafunzi wa hivyo sijawahi kumsimamia.

Mate ya kupe

Nafika sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya uzamivu, Wangari alianza utafiti juu ya ugonjwa ambao wafugaji wa Tanzania wanauita ndigana kali. Huletwa na kijidudu kidogo sana, *Theileria parva*, kinachobebwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kujibanza ndani ya sikio la ng'ombe. Kupe huyu hushika wanyama watatu katika maisha yake: hunyonya, huanguka majanini, hujivua gamba, kisha humpanda mwingine. Alichokinyonya kwa mmoja humpa wa pili. Kijidudu hukomaa ndani ya tezi za mate za kupe, na kupe anapoanza kunyonya humwingizia ng'ombe kwa mate hayo. Ng'ombe hupata homa, matezi ya chini ya sikio huvimba, pumzi huwa ya shida, na asipotibiwa mara nyingi hufa katika wiki chache.

Kwa nini ugonjwa huo ulihesabika wakati ule? Kwa sababu ng'ombe walikuwa wamebadilika. Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, uliwafungulia wakulima Waafrika wa Kenya mlango wa kahawa, chai na ng'ombe wa gredi, na baada ya uhuru kasi iliongezeka. Zebu wa kienyeji amekaa na kupe huyu vizazi kwa vizazi, na katika maeneo ya ugonjwa ndama wake wengi huugua wakapona. Ng'ombe wa gredi mwenye damu ya Ulaya hana kinga hiyo, na akifa anakwenda na mkopo, na maziwa, na karo za watoto. Kwa hiyo fedha za utafiti zilikuwapo, na swali lilikuwa wazi: kijidudu kinaishije ndani ya kupe?

Lilikuwa swali la kumfaa kabisa. Alikwenda vijijini nje ya Nairobi, akachuma kupe masikioni mwa ng'ombe, akawaleta maabara, akatoa tezi za mate, akazikata na kuzipaka rangi, akazitazama kwa hadubini. Mkono ni uleule wa Kansas City. Ila kupe hawaji maabara wenyewe. Sharti uwafuate, uombe ruhusa kwa mwenye boma, usimame karibu na mnyama, umshike sikio. Ukisimama pale huoni sikio tu. Unaona mbavu.

Aliona ng'ombe waliokonda mpaka mbavu zinahesabika. Aliona majani machache malishoni. Aliona watu nao hawajashiba. Mvua iliponyesha aliona mito ikishuka na maji ya rangi ya udongo, udongo wenyewe wa mashamba. Akaanza kujiuliza kama adui mkubwa wa ng'ombe wale ni kupe kweli, au ni nchi inayochakaa chini ya kwato zao.

Je, mtafiti mwingine angeuona mto uleule na kuliuliza swali lilelile? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni kwamba pengine asingeliuliza. Mgeni anayefika Mkoa wa Kati mwaka 1972 anauona mto wa kahawia na kudhani ndivyo ulivyo. Wangari alikuwa na kitu ambacho sisi watu wa mazingira tunakililia kila siku, takwimu za msingi, vipimo vya hali ilivyokuwa kabla ya kuharibika. Vyake havikuwa kwenye daftari. Akiwa mtoto Ihithe alikwenda kuteka maji kwenye kijito karibu na mti mkubwa wa mugumo, mti ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ulikuwa wa Mungu. Katika maji yale aliona mayai ya chura, meusi, meupe na kahawia, akadhani ni shanga, akajaribu kuyainua ayavae shingoni, nayo yakakatika mikononi. Maji yenye mayai ya chura yanayoonekana mpaka chini ni maji maangavu. Aliporudi akiwa mtu mzima, mugumo ulikuwa umekatwa na mwenye shamba mpya, eneo limepandwa chai, na kijito kimekauka.

Mizizi ya mugumo huenda chini sana na kufungua njia ya maji, na kivuli chake huilinda ardhi ya chemchemi. Waliouheshimu kwa sababu za ibada walikuwa wakitunza chanzo cha maji, wajue wasijue. Hilo halikuwa katika mafunzo ya Pittsburgh wala Giessen, lakini bila Pittsburgh na Giessen asingekuwa na nidhamu ya kulichukulia kama ushahidi. Mtoto wa Ihithe alitoa kumbukumbu, daktari wa anatomia akatoa mazoea ya kuuliza sababu, na vyote viwili vilikuwa ndani ya mtu mmoja aliyesimama bomani ameshika sikio la ng'ombe. Hii ndiyo hoja yangu kubwa ya kumsomesha mtu wa mahali ili achunguze mahali pake.

Swali lisilokuwa na fungu

Sasa tumia jicho la mhasibu. Mradi ni wa kupe. Bajeti ina nauli ya kwenda kuchuma kupe, kemikali, slaidi. Mtafiti anarudi na kusema nimeona mito imechafuka na nataka kuuliza kuhusu miti. Katika fomu nyingi ninazozijua, jambo hilo halina pa kuandikwa. Likiandikwa litaitwa kupotoka nje ya malengo.

Nilishawahi kuwa na mwanafunzi aliyepewa fedha kuchunguza ubora wa maji msimu wa masika. Fungu la masika liliingia Julai, mto umeshashuka. Alichukua sampuli za kiangazi, akaandika alichoweza, akamaliza. Lakini katika kukaa kijijini akisubiri hela aligundua jambo kuhusu visima vya pale ambalo lilikuwa na uzito kuliko mada yake yote, na sikuweza kumpatia hata nauli ya kurudi kulipima. Nilimwambia aliweke kwenye sura ya mapendekezo. Nalijutia neno lile mpaka leo.

Wangari hakuliweka kwenye sura ya mapendekezo. Alilipeleka nje ya chuo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikuwa limeanzishwa baada ya mkutano wa Stockholm wa 1972 na kuweka makao Nairobi, na kituo cha kuunganisha mashirika ya kiraia kilipoundwa naye aliingia kwenye bodi yake. Katika Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya aliwasikia wanawake wa vijijini wakitaja shida zao: kuni, maji safi, chakula chenye lishe. Kwa mtu aliyetoka kuwaona ng'ombe wale na mito ile, orodha hiyo ilikuwa ni ugonjwa mmoja wenye dalili nyingi. Jibu alilolitoa lilikuwa kupanda miti.

Jaribio la kwanza lilishindwa, na waandishi wengi hulikimbia. Mwaka 1974 alianzisha kampuni ndogo iliyoitwa Envirocare, ya kuwalipa watu wapande miti, akapata sehemu ya kitalu katika msitu wa Karura, Nairobi. Miche aliibeba kwa gari lake mwenyewe. Maji yalipokuwa ya mgawo miche ilikufa, wateja hawakuja, kampuni ikafa. Hakukuwa na fungu la kushindwa. Fedha iliyopotea ilikuwa ya mfukoni kwake.

Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, wanawake wa Baraza waliandamana kutoka ukumbi wa mikutano wa Kenyatta hadi Kamukunji, wakapanda miti saba. Huo ndio mwanzo unaoandikwa wa Green Belt Movement, harakati yake ya wanawake wapanda miti. Fedha ya maana kutoka nje, kutoka mfuko wa Umoja wa Mataifa wa wanawake na jumuiya ya misitu ya Norwei, ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Yaani kutoka siku alipouona mto mpaka siku mfadhili alipoona maana ya kuuona, ilipita karibu miaka kumi. Katika miaka hiyo aliishi kwa mshahara wa chuo. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara ya anatomia ya mifugo, mwaka 1977 profesa mshiriki. Ajira ya kudumu ndiyo iliyomlisha wakati swali lake halina mlezi, na ajira hiyo ilitokana na ule mlango wa Hofmann.

Wapo wanaosema aliiacha sayansi, na kwamba fedha zote zile za kumfanya mtaalamu wa tishu ziliishia kwenye kupanda miti ambayo mtu yeyote anaweza kuipanda. Nimelisikia hilo hata kwa wenzangu, na sikubaliani nalo kwa sababu ya namna kazi ile ilivyofanywa. Mwanzoni mabwana misitu hawakuamini kwamba wanawake wasio na diploma wanaweza kuotesha miti, na hao wanawake wakaotesha kwa walichojua tayari kuhusu mbegu, katika makopo na vyungu vilivyovunjika. Wakaitwa mabwana misitu wasio na diploma. Lakini kila kikundi kilitakiwa kuandika: kimeotesha miche mingapi, imegawiwa kwa nani, imepandwa wapi. Kisha mtu alirudi kuitazama. Mwanamke alilipwa senti nne za dola kwa kila mche, na mche uliohesabiwa haukuwa uliopandwa, ni ule uliokutwa hai miezi kadhaa baadaye.

Nimeona miradi mingi ya upandaji miti inayotangaza idadi ya mashimo yaliyochimbwa siku ya sherehe, mgeni rasmi akiwa na koleo. Kuhesabu waliobaki hai ni tabia ya mtu aliyekaa maabara, aliyezoea kwamba slaidi iliyoharibika haiingii kwenye jedwali hata kama ulikesha ukiiandaa. Mpango ule wa senti nne ndiyo sehemu ya uzamivu wake ninayowaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, kabla hata hawajaanza kuandika andiko.